Wakala kaandika "zawadi, vinyago" kwenye mzigo wangu wa mpingo, sasa umeshikwa Ujerumani

Jamani, nimejaribu kunyamaza nimeshindwa. Mimi ni fundi wa kukereza hapa Lamu, kazi niliyofunzwa na ami yangu aliyekuwa akikereza mazumari. Nina mteja Ujerumani, fundi wa klarineti (ala ya muziki ya kupuliza), ambaye huniagiza kile kipande kifupi kinachokaa baina ya mdomo wa klarineti na mwili wake. Ni mpingo mtupu. Kimoja hunichukua siku nzima, maana mpingo ukiuharakisha hupasuka.

Safari hii alitaka vipande 8 vilivyokamilika na 2 ghafi, vimetobolewa tu, avimalize mwenyewe. Nikaenda kwa wakala wa vifurushi. Nikamwambia kijana wa kaunta waziwazi: mwanangu, huu ni mpingo, Dalbergia melanoxylon, umo kwenye CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, 8 vimeisha na 2 bado, niambie kama kuna kinachotaka kibali. Nikamwonyesha na risiti niliyonunulia mbao. Akanijibu, "Fundi, ondoa shaka, hiyo ndiyo kazi yetu." Nikalipa shilingi 14,500, ikiwemo ada ya kushughulikia forodha.

Wiki tatu baadaye mteja ananitumia picha ya fomu. Zawadi. Vinyago vya mbao. Thamani dola 20. Wametia fungu la forodha la 4420, la mapambo ya mbao, na hali sehemu za ala za muziki zina fungu lake, 9209. Jina la mti halimo. Ankara niliyoandika kwa mkono wangu, yenye bei ya kweli, haikutiwa. Maofisa wa kule wamefungua boksi wakakuta kitu kingine kabisa. Ungekuwa wewe ungemdhania nini mtumaji? Mtu wa magendo. Na jina lililo juu ya boksi ni langu, si la wakala.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba vile 8 havikuwa na tatizo lolote. Mpingo na ndugu zake wa Dalbergia waliingizwa Orodha ya Pili ya CITES, ya viumbe vinavyouzwa nje kwa kibali, Januari 2017, na miaka ile kweli hata ala iliyokwisha ilitaka kibali ukiiuza nje. Tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika na sehemu zake zilizokamilika zimeachiliwa. Vingeandikwa vilivyo, vingepita bila kibali cha CITES. (Haya nimeyajua kwa mteja, aliyekaa akaniandikia barua pepe ndefu. Wakala niliyemlipa hakunitamkia hata moja.) Tatizo ni vile 2. Kipande ghafi bado ni mbao, hakijawa sehemu ya ala. Hicho kinataka kibali cha KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, kabla hakijatoka Kenya, na kibali kingine cha kuingizia kule, kwa sababu Umoja wa Ulaya hudai vyote viwili. Huwezi kuanza kukitafuta mzigo ukiwa umeshafika. Kijana yule angeniambia tu, "Fundi, hivi viwili viache," ningevirudisha karakana saa ile ile na vile 8 vingekuwa mikononi mwa mwenyewe.

Nimerudi kuuliza. Mkubwa wao akaniambia, "Mzee, sote huandika zawadi, mteja asilipe ushuru." Nani alimwomba? Tangu Julai 2021 bidhaa inayoingia Ulaya hulipiwa VAT hata ikiwa ya yuro 5, mteja wangu analijua hilo na hulipa kila mara bila kinyongo. Kwa uongo ambao hakuna aliyeutaka, vipande 2 vimetaifishwa, 8 vimezuiliwa, na mtu aliyeniamini anaitwa kujieleza mbele ya forodha ya nchi yake.

Ninataka vitu viwili. Warudishe shilingi 14,500. Na waniandikie barua, yenye sahihi na muhuri, kwamba fomu ile waliijaza wao bila kuniuliza, ili mteja aipeleke forodha. Pesa naweza kungoja, barua siwezi. Nimeiomba mara 3. Jana nimeambiwa mwenye muhuri yuko Mombasa.

Aliye Lamu au Malindi aliyewahi kujaziwa fomu hivi, tafadhali aweke picha ya fomu hiyo hapa chini, afunike jina na anwani. Nitazichapisha zote nirudi nazo Jumatatu asubuhi.