Chuo cha dini au cha serikali? Mdogo wangu anaomba mwaka huu na nyumbani hatuelewani

Mwana wa Newala
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kike kamaliza form six, HKL, kapata History C, Kiswahili C, English D, yani division two ya pointi kumi. Anataka ualimu, hapo hana mjadala. Mjadala ni chuo. Bi mkubwa anataka aende Muslim University pale Morogoro, anasema mtoto wa kike akiwa kwenye chuo cha dini yake kuna watu watamuangalia. Mzee yeye anasema aende Stella Maris hapo Mtwara mjini, ni cha Wakatoliki kipo chini ya SAUT, kile chuo kikuu cha Mtakatifu Augustino, lakini ni karibu, akiumwa leo jioni tushafika, mzee hana habari chuo ni cha nani anaangalia nauli. Binti mwenyewe anataka UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa sababu marafiki zake wote wanaenda UDOM, na hiyo ndo hoja yake yote. Mimi ndo nimepewa kazi ya kufanya maombi maana ndo mwenye simu inayofungua mambo. Naomba waliosoma vyuo vya dini na waliosoma vya serikali wanipe tofauti waliyoiona kwa macho yao, za kusikia nimeshazisikia za kutosha hapa kijiweni.

Kangomba Mstaafu
Usipoteze muda mkuu, vyuo vya dini havina mkopo wa bodi. Peleka serikalini.

Mdau wa Bumu
Kangomba acha kupotosha watu bwana. Bodi ya Mikopo tangu ianze kazi 2005 inamkopesha mwanafunzi, haiulizi chuo kinamilikiwa na askofu au shehe au wizara, kikiwa kinatambulika TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, na kozi ina ithibati basi mtoto anaomba kama wengine. Mimi nimesoma chuo cha kanisa kwa mkopo na leo mshahara wangu unakatwa asilimia 15 kila mwezi sawasawa na yule wa UDSM, kwenye kukata hawana ubaguzi kabisa 😂

Mwana wa Newala, cha kufanya sasa hivi ni cheti cha kuzaliwa, kihakikiwe RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, mapema maana watu wanakwama hapo mpaka dirisha la mkopo linafungwa. Kama sekondari alisomeshwa na mfadhili tafuteni barua ya mfadhili, inasaidia sana kwenye kupangiwa asilimia. Na hapo kwenye asilimia ndo uwe makini, mkopo hauji wote, anaweza kupewa sehemu ya ada na kinachobaki kinatoka mfukoni kwenu. Kwa hiyo ukilinganisha vyuo linganisha kile kitakachobaki. Ada kubwa ikilipiwa nusu na ada ndogo ikilipiwa nusu, hizo nusu mbili sio ndugu.

Kangomba Mstaafu
Sawa nimesahihishwa. Mimi nilisikia kwa jirani.

Mama Wawili Mikindani
Kaka yangu hapo kwa bi mkubwa nina la kusema. Mimi ni Muislamu na nimesoma chuo cha kanisa miaka mitatu, sikitaji jina kwa sababu nina mazuri na mabaya yake.

Darasani sikuona dini. Mwalimu wa fonolojia anafundisha fonolojia, hakuna fonolojia ya Kikatoliki. Kulikuwa na kozi moja ya maadili na falsafa tulisoma wote, nikapata B, basi. Dini niliiona getini na hosteli. Getini unaangaliwa umevaa nini, suruali ya kubana hupiti, bega wazi hupiti, sasa mimi na hijabu yangu nilikuwa napita kama bibi harusi, waliokuwa wanarudishwa ni hao hao mabinti wa Kikristo 😂 Usiku kuna saa ya kufunga, ukichelewa unaandika maelezo.

Tabu ilikuwa Ijumaa na Ramadhani. Ijumaa ratiba yetu ilikuwa na kipindi saa saba mpaka saa tisa, mwaka mzima wa kwanza wavulana wa Kiislamu wanachagua kati ya swala na mahudhurio, mpaka mwaka wa pili ndo tukaandika barua kipindi kikasogezwa. Ramadhani sasa. Hosteli majiko ya umeme marufuku, kantini inafungua saa moja asubuhi, daku utakula nini? Tulikuwa wanne chumbani tunaficha chupa ya chai ya uji na maandazi chini ya kitanda, uji wenyewe ukifika saa kumi usiku umeshakuwa vuguvugu na umeganda juu. Siku ya sita hivi sista mlezi wa hosteli akaingia kukagua akaikuta chupa, akaifungua akanusa, akauliza "mnakula hiki?" Tukajua tumekwisha. Kesho yake saa tisa na nusu usiku anagonga mlango, kashika funguo za jiko la masista, akasema mkimaliza osheni sufuria. Mwezi mzima akawa anatuamsha yeye. Mwaka wa pili akahamishwa, aliyekuja hakutaka hata kusikia habari hizo, tukarudi kwenye chupa.

Kwa hiyo mambo mengi ni mtu utakayemkuta zamu, na huyo hayumo kwenye broshua. Bi mkubwa mwambie akitaka mwanae aangaliwe, chuo cha kanisa kinaangalia pia, tena kwa masharti.

Mzee wa Ndanda
Vijana naomba niongeze kidogo. Sisi wazee huku kusini suala la shule ya dini na ya serikali tumelijua kabla yenu. Ndanda ilikuwa ya Wabenediktini, Chidya ilikuwa ya Waanglikana, serikali ikaja kuzitaifisha shule za misheni enzi za Mwalimu na watoto wa dini zote wakasoma pamoja. Vyuo vikuu binafsi vimekuja baadaye sana, miaka ya 90. Na hiyo Muslim University ya Morogoro anayoitaka mama, majengo yake yalikuwa chuo cha TANESCO, aliyewapa Waislamu ni serikali ya Mkapa, mtoto wa Lupaso hapa Masasi, Mkatoliki aliyesoma Ndanda. Chuo kikafunguliwa 2005. Sasa nyie mnagombana nini.

Bajaji ya Ligula
Mzee hawagombani, wanauliza 😂 Mimi nimesoma chuo cha serikali, kikubwa, wanafunzi maelfu. Nikwambie kitu, dini nyingi nimeikuta huko kuliko hata madrasa ya nyumbani. USCF na CASFETA za Wakristo, TAMSYA ya Waislamu, Wakatoliki na vikundi vyao, wiki ya kwanza kila mtu anakuvuta shati, mchana na usiku mikesha. Tofauti ni kwamba hakuna anayekulazimisha wala anayekuzuia. Ukitaka kuwa shehe utakuwa, ukitaka kuwa mlevi wa kutupwa pia hakuna atakayepiga simu kwenu, mzazi anakuja kusikia siku umedisko, yani umefukuzwa kwa kufeli. Dogo mmoja wa kwetu Tandahimba alikuwa anaaga anaenda chuo mwaka mzima kumbe alishadisko semista ya kwanza, yupo geto anauza chipsi, na bumu ya kwanza, ile hela ya kujikimu ya mkopo, alikula yote.

Kwa hiyo swali la kujiuliza binti yenu anajiamsha mwenyewe? Kama nyumbani mpaka agongewe mlango ndo aende shule, huko kwenye maelfu hakuna wa kugonga.

Msabato wa Masasi
Bajaji umesema hakuna anayekuzuia, kwako wewe. Mimi Msabato, chuo cha serikali, ratiba ya UE, mitihani ya mwisho wa semista, ikatoka mtihani wa Jumamosi saa tatu asubuhi. Nikapeleka barua ya kanisa kwa mkuu wa idara, akanielekeza kwa mratibu wa mitihani, mratibu akasema niandike kuomba ruhusa, nikaandika, haikujibiwa. Jumamosi sikwenda. Nikaja kuufanya mwezi wa tisa wenzangu wapo nyumbani wanapalilia, mimi nipo kampasi peke yangu na waliokuwa na sapu, mitihani ya marudio, kila mtu anadhani na mimi nimefeli. Hakuna aliyenionea kwa makusudi, ila ratiba haikunijua. Mdogo wangu yeye akaenda University of Arusha ambacho ni cha Wasabato wenyewe, Jumamosi hata kipindi hakuna. Huyo hajawahi kuandika barua hata moja.

Mwana wa Newala
Asanteni sana, hasa Mama Wawili, hiyo ya uji nimemsomea bi mkubwa kaniambia rudia. Sasa mzee anauliza kuhusu nauli na ada, yeye anataka namba.

Chama cha Msingi
Namba za ada usichukue kwa mtu humu, chukua kwenye muundo wa ada wa chuo chenyewe wa mwaka huu, na usisome mstari wa kwanza tu. Shuka chini kabisa kwenye michango, usajili, kitambulisho, bima, mitihani, mafunzo kwa vitendo. Huko chini ndo vyuo binafsi vya dini na visivyo vya dini vinapozidi vya serikali, mstari wa juu unaweza kuona vimekaribiana ukafurahi bure.

Ila mimi nataka kuongea na mzee mwenyewe, mkulima kwa mkulima. Sisi pesa yetu ni ya korosho. Minada inaanza Oktoba, chuo kinafunguliwa Oktoba au Novemba, hapo unajiona tajiri, msimu wa 2024 mnada wa kwanza kilo ilivuka 4,000 watu wakaanza kununua bodaboda. Awamu ya kwanza ya ada unalipa unacheka. Awamu ya pili inakuja Machi, na Machi ya mkulima wa korosho unaijua, stakabadhi zimeisha, salfa ya kupulizia mikorosho haijafika, ndani kuna mihogo. Bila kumaliza ada mtoto hapewi kibali cha kuingia kwenye mtihani, hiyo nimeiona kwa vyuo vya dini na vya serikali vyote. Nilichofaidi mimi kwa mwanangu aliye chuo cha kanisa ni kwamba nilienda ofisini kwao kwa miguu yangu, nikamkuta padri mhasibu, nikamueleza mimi ni mkulima nataka kulipa zote Novemba, akanipigia hesabu akaniandikia risiti ya mwaka mzima. Kwa mwingine aliye serikalini nilizungushwa madirisha manne mwishoni nikaambiwa fuata namba ya malipo kwenye mfumo. Hela zipo mkononi! Ila na huko pia ukishapata namba ya malipo unaweza kulipa zote kwa mkupuo, hakuna anayekataa, mimi sikujua tu.

Mzee alipe Novemba. Kabla ya harusi za Desemba.

Dereva Kusini
Nauli sasa. Newala kwenda Mtwara mjini ni safari ya asubuhi, mchana mtoto anakula kwa shangazi. Newala kwenda Dodoma au Morogoro ni siku nzima ya basi mpaka Mbagala, analala Dar kwa ndugu, kesho yake anapanda treni ya SGR, tangu 2024 treni inafika Dodoma na Morogoro iko njiani, kwa hiyo kwa safari Morogoro na Dodoma ni jamii moja, msije mkadanganyana kwamba Morogoro ni jirani. Na msisahau Mei 2024 ile mvua na kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar ilikatika Somanga huko, abiria walilala porini na watoto. Aliyekuwa Mtwara wala hakujua.

Bajaji ya Ligula
Dereva aliyekuwa Mtwara alijua vizuri sana, sukari ilipanda.

Mwalimu wa Ajira
Hakuna aliyegusa ajira. Mimi mwalimu, nimeomba kupitia mfumo wa ajira, siku hizi walimu tunafanyiwa usaili, tulikaa kwenye ukumbi tumesoma vyuo vyote unavyovijua, karatasi ni moja. Aliyenizidi alisoma chuo cha Waanglikana, niliyemzidi alisoma nilikosoma mimi. Kitu kinachoua ni chuo au kozi isiyo na ithibati. 2016 TCU ilifuta kibali cha kampasi moja kule Songea na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine katikati ya masomo. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya maombi ingia tovuti ya TCU utafute kampasi yenyewe na kozi yenyewe kwa jina, jina la chuo mama halitoshi.

Halafu matokeo ya binti yako yanatosha kote huko. Kima cha chini cha kozi nyingi ni principal mbili, yani masomo mawili yenye A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4, C ni tatu, kwa C mbili ana sita. Asije akatishwa na mtu. Na maombi siku hizi ni kila chuo kwa mfumo wake, ile ya kuomba vyote kupitia TCU iliisha 2017, kwa hiyo omba vyote vitatu. Akichaguliwa zaidi ya kimoja atatumiwa namba ya kuthibitisha kwa meseji, kwa hiyo weka namba ya simu ambayo haitapotea, usiweke ya kwake kama ana tabia ya kubadilisha laini.

Kangomba Mstaafu
Laini anabadilisha. Wote wanabadilisha.

Mwana wa Newala
Wakuu narudi na mrejesho. Nimepiga simu vyuo vyote vitatu nikauliza maswali matatu yale yale: mwaka wa kwanza ana uhakika wa hosteli au anatafuta geto, ada mnaruhusu kulipa yote mara moja, na Ijumaa saa saba kuna vipindi. Hilo la tatu kuna sehemu yule dada wa mapokezi alicheka akasema hajawahi kuulizwa, akaomba nisubiri, akaenda kuuliza kweli. Majibu yote nimeyaandika kwenye daftari la mzee la korosho, nyuma ya hesabu za salfa, mzee kayasoma mara mbili na kidole. Stella Maris bado anaitaka, ila sasa anasema Dodoma nayo ana shemeji yake. Bi mkubwa kapoa kidogo, anataka namba ya Mama Wawili, naomba uje inbox dada yangu.

Jana usiku nimetuma maombi matatu. Binti kakaa pembeni kimya muda wote mpaka namaliza, ndo akaniuliza, "Kaka, eti Dodoma maji ya kuoga ni ya baridi?"

Mdau wa Bumu
Mwambie abebe sweta. Julai kule anaweza akairudia hiyo simu akaulizia Mtwara.