Picha ya vita ipi mapigano yake yanafanana na kweli? Nataka kumwekea mzee wangu

Mwana wa Kondoa
Wakuu, habari za jioni. Mzee wangu yuko kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma, kwa wiki mbili, amekuja kutibiwa goti. Alipigana Kagera. Aliondoka nyumbani mwishoni mwa 1978, akarudi baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979. Hasimulii, na sisi watoto tumejifunza kutouliza. Lakini picha za vita anazipenda, tatizo ni kwamba hafiki mwisho. Juzi nimemwekea moja, stelingi kamaliza watu kama arobaini na shati halijachafuka. Mzee akauliza, "Huyu risasi zake anazitoa wapi?" Akageukia ukutani akalala.

Kwenye flashi ninazo Saving Private Ryan, Black Hawk Down, 1917 na sizoni ya Band of Brothers. Sitafuti yenye milipuko mingi. Nataka ile ambayo mtu aliyekuwepo vitani hataikataa. Mlioziangalia kwa makini nisaidieni.

Mujibu wa Sheria
Mkuu, shikamoo ya mzee uifikishe. Mimi vita sijaviona, nimepita tu JKT Makutupora, ila siku ya shabaha ilinibadilisha kabisa namna ya kuangalia hizi picha. Bunduki ya SMG magazini yake inaingia risasi 30. Ukiiachia mfululizo, kwa mwendo wake wa risasi kama 600 kwa dakika, sekunde tatu tu umebaki na chuma mkononi. Kwenye muvi nyingi mtu anamwaga risasi nusu dakika huku anaongea. Halafu ule mlio! Siku ile masikio yangu yaliimba mpaka usiku. Kwenye picha wanafyatuliana ndani ya chumba, kisha wananong'onezana.

Kwa hiyo mimi nasema Saving Private Ryan. Zile dakika ishirini na kitu za mwanzo, kutua ufukweni Normandy tarehe 6 Juni 1944, kuna mahali kapteni masikio yanaziba na wewe unasikia anavyosikia yeye, kama uko chini ya maji. Watengenezaji waliwapeleka waigizaji porini kwanza, wakafundishwa na Dale Dye, mwanajeshi mstaafu wa Marekani. Inaonekana. Hakuna anayeshika bunduki kama jembe.

Mama wa Ipagala
Mwekee 1917. Ni safari ya vijana wawili, askari wa Uingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza, wanaopeleka ujumbe, na kamera haiwaachi, kama vile yote yamepigwa kwa mkupuo mmoja. Hata mahandaki waliyachimba kwa urefu unaolingana na maneno ya waigizaji, ili mazungumzo yasiishe kabla ya njia kuisha. Nilivyomaliza kuitazama miguu iliniuma kana kwamba nimetembea nao.

Kokoto
Naomba niseme kuhusu mlipuko, maana huo ninaujua. Nimefanya kazi miaka sita kwenye machimbo ya mawe huku pembezoni mwa mji, tunapasua miamba kwa baruti. King'ora kinalia, bendera nyekundu inapandishwa, watu wote wanasogezwa mbali. Ukisimama kama mita mia saba, kwanza unaona ukuta wa jiwe unavimba, vumbi la kijivu linatoka kwenye nyufa kama unga unaopulizwa. Kimya. Ardhi inakugusa nyayo. Unahesabu moja, mbili, ndipo mshindo unafika, na unaupokea kifuani. Baada ya hapo vipande vinaanza kudondoka, tak, tak, na hivyo ndivyo vinavyoua.

Moto hakuna! Yale maua makubwa ya moto ya rangi ya chungwa kwenye muvi ni petroli, wanaiweka ili macho yafurahi. Bomu la kutupa kwa mkono ni vumbi na vyuma. Pia kwenye muvi bomu likilipuka mlima wa pili sauti inakuja papo hapo. Haiwezekani, sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Kilomita moja ni karibu sekunde tatu.

Katika hizo nne ninayoiamini ni Band of Brothers, hasa sehemu ya sita na ya saba, askari wa Marekani wakiwa msituni karibu na Bastogne, Ubelgiji, majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945. Makombora yanapasukia juu kwenye miti, kwa hiyo mbao na vyuma vinamwagika kutoka juu, na kulala kifudifudi hakukusaidii. Waliotengeneza sizoni hii walikaa na watu waliokuwepo wakawasikiliza. Na kumbuka ule msitu ulijengwa ndani ya banda kubwa la ndege kule Hatfield, Uingereza, theluji yenyewe ni karatasi. Mimi nilihisi baridi nikiwa Dodoma mwezi wa kumi.

Mtoto wa Reli
Black Hawk Down naomba usimwekee, au mwekee mwisho kabisa. Kelele zake ni nzuri, vurugu ya mitaani ni nzuri, ule mkanganyiko wa kutojua mwenzako yuko kona ipi umetulia. Lakini ile ni Mogadishu ya Oktoba 1993, wanajeshi wa Marekani wakipigana mitaani, imepigiwa Morocco, na Wasomali mle ni umati tu unaokimbia na kuanguka. Walikufa mamia siku ile. Hakuna hata mmoja unayemjua kwa uso. Kwangu mimi ukweli wa mapigano hauishii kwenye bunduki. Kama upande mmoja umegeuzwa kuwa shabaha, hiyo picha imedanganya hata kama kila kofia ya chuma ni sahihi.

Hilo linaniuma kwa sababu ya hapa kwetu. Mei 1916, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wa Lettow-Vorbeck na jeshi la upande wa Waingereza chini ya van Deventer walipigana Kondoa, nyumbani kwenu mkuu. Dodoma ikachukuliwa Julai mwaka huohuo. Farasi walikufa kwa mbung'o, na wapagazi, babu zetu, walikufa kwa njaa, kuhara na mizigo, wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Siku mtu akiipiga hiyo picha, nitaangalia kwanza kama wapagazi wana majina.

Mujibu wa Sheria
Hapo umenigusa. Ryan naitetea kwa zile dakika za mwanzo. Mwishoni pale darajani inarudi kwenye ustelingi kidogo, nakubali.

Mwalimu wa Kikuyu
Naunga mkono Band of Brothers, kwa angalizo moja: si kila kitu mle ni sahihi. Kuna askari anaitwa Blithe, sizoni inasema hakupona jeraha lake akafa 1948. Ukweli ni kwamba alipona, akaendelea na jeshi, akafa 1967. Kosa kubwa hilo kwa familia yake. Ila kinachonifanya niichague ni kwamba askari wanasubiri. Wanachimba shimo, wanakaa, wanaota moto, wanaambiwa wahame, wanachimba tena. Mjomba wangu naye alikuwa Kagera, na kitu pekee alichowahi kuniambia ni kwamba walitembea. Kutoka mpakani mpaka Kampala, sehemu kubwa kwa miguu, na mzigo mgongoni.

Mwana wa Kondoa
Nashukuru sana wakuu. Nakwenda na Band of Brothers, naruka moja kwa moja sehemu ya sita. Nitaleta majibu.

Kokoto
Mkuu, spika punguza. Ya sita ina makombora, na ya saba ndiyo nzito kuliko zote. Kama una subwufa izime kabisa. Usimshtue mzee na mtetemo.

Mwana wa Kondoa
Wakuu, nimerudi. Jana baada ya isha tumeangalia ya sita, subwufa imezimwa. Kwa mara ya kwanza hakugeukia ukutani.

Ile sehemu inamfuata tabibu wa kikosi, anazunguka kwenye mashimo ya wenzake akiomba bandeji, akiomba mofini ya kutuliza maumivu, akiomba mkasi. Mkasi tu. Mzee akasogea mbele kwenye kiti. Akasema, "Huyu ni kweli." Nikanyamaza. Baadaye kidogo akasema wao walikuwa wanaombana kamba za buti, na mtu akiwa na kamba nzima anazificha. Nina miaka arobaini na moja, sijawahi kumsikia akitaja hata buti.

Makombora yalipoanza kupasukia mitini aliangalia dari ya sebule. Akauliza kama ninajua saba saba. Nikamwambia najua, ile mizinga ya roketi. Akasema, "Zilikuwa zetu, na bado tulikuwa tunaziogopa," akaishia hapo.

Alikosoa kitu kimoja: midomo yao. Kwamba watu wa shida ile midomo hupasuka, na hao midomo ni mizima.

Leo ni ya saba. Ameomba wajukuu wapelekwe kwa shangazi yao, mlango wa uani uachwe wazi, na mimi nikae upande wake wa kulia kwa sababu sikio la kushoto halisikii vizuri. Hilo la sikio nalo sikulijua.