Siku moja tu Marseille: inatosha au nitapoteza nauli?

BintiKibosho:
Wakuu, heshima kwenu. Niko Lyon kwa mafunzo ya wiki mbili, na Jumamosi hii ndiyo siku yangu pekee ya kupumua. Nataka kuiona bahari. Wafaransa ninaosoma nao wananikataza Marseille, eti ni chafu na ina fujo, bora Nice. Lakini treni ya Nice inakula zaidi ya saa nne kwenda tu, wakati ya Marseille ni saa moja na dakika arobaini hivi. Nimekulia Kibosho, bahari kwangu ni ile ya kupelekwa na basi la shule. Nikifika asubuhi nikaondoka usiku, nitaona nini cha maana? Hela ya kula isizidi yuro 25.

Kasa_Mzee:
Mdogo wangu, nenda Marseille. Mwaka juzi nilikuwa hapo hapo Lyon, nikaondoka na treni ya alfajiri nikarudi na ya usiku. Nilikaa mjini saa kumi na tatu, na mbili kati ya hizo nilizitupa kwa ujinga wangu. Nitakueleza.

Ukishuka Saint-Charles usikimbilie metro. Toka nje, simama. Stesheni iko kilimani, mji wote uko chini yako, na ng'ambo juu ya kilima kingine unaona kanisa lenye sanamu ya dhahabu inayong'aa. Mbele yako kuna ngazi, vidato 104. Zilizinduliwa mwaka 1927, enzi ambazo bandari hii ilikuwa mlango wa Ufaransa kwenda kwenye makoloni yake, na hawakuona haya kulisema: kuna sanamu ya mwanamke amejilaza, ameandikiwa Colonies d'Afrique. Nilisimama na begi langu mgongoni nikimwangalia huyo mama. Vijana wawili walikuwa wamekaa miguuni pake wanavuta sigara, hawana habari naye.

Teremka moja kwa moja mpaka Vieux-Port, yaani bandari ya zamani. Ni hori lililoingia katikati ya mji, na Wagiriki walitia nanga hapo miaka 600 hivi kabla ya Kristo. Asubuhi wavuvi wanauza samaki gatini, boti imefungwa nyuma yao. Usitegemee soko la Feri: ni meza chache, hakuna mnada, hakuna matusi. Lakini samaki wengine bado wako hai. Mkunga mmoja, yule samaki mrefu kama nyoka, alichomoka kwenye beseni akaanza safari ya kurudi majini, mama muuzaji akamdaka kwa mkono mmoja bila kukatiza maneno yake na mteja. Hapo nikajiona niko Pangani.

Sasa ujinga wangu. Nilitaka kwenda If, ngome ya kisiwani iliyokuwa gereza, nikapanga foleni ya boti. Siku hiyo ulikuwa unavuma mistral, upepo wao mkavu unaoshuka bonde la Rhône. Mimi mtoto wa pwani, nikiona bendera zimenyooka kama ubao, nilipaswa kujua. Saa mbili nzima nimesimama, ndipo wakatangaza boti haziendi. Asubuhi tazama bendera kwanza. Zikinyooka, achana na visiwa.

Panda kile kivuko kidogo kinachovuka bandari. Safari ni fupi kama kuvuka mto Pangani kwenda Bweni, hata kukaa unaona uvivu. Kisha basi namba 60 mpaka Notre-Dame de la Garde, lile kanisa la sanamu ya dhahabu. Mimi ni Mwislamu, niliingia kwa ajili ya vyombo: darini wamening'iniza mashua na meli ndogo za mfano, nadhiri za mabaharia waliosalimika na dhoruba. Ningeweza kukaa humo mchana kutwa nikizitazama tanga moja moja. Nje, ukutani, matundu ya risasi za Agosti 1944, mji ulipokombolewa, bado yapo.

Kula: bouillabaisse isahau. Ni mchuzi wa samaki, na anayeupika kwa desturi hakupi chini ya yuro 50. Tafuta panisse, unga wa dengu uliokaangwa. Bhajia tu, wasikuzuge.

KijanaWaUmoja:
Msimdanganye dada wa watu. Mimi niliibiwa simu pale barabara ya Canebière mchana kweupe, jamaa alipita na skuta akaichomoa mkononi kama anachuma embe. Nairobi nimekaa miaka 20 sijaibiwa hata kalamu! Sister, nenda Nice ulale ufukweni.

Kasa_Mzee:
Pole kaka. Lakini simu mkononi kando ya barabara, hata Kariakoo tungekuchumia.

Ngazidja13:
Kasa umeeleza vizuri ila umepita mjini kama mtalii. Mimi Mkomoro, nimezaliwa Unguja, nina miaka kumi na moja Marseille. Wakomoro hapa ni makumi ya maelfu, hata Soprano yule wa rap ni mtoto wetu. Sasa wewe unamwambia dada ale bhajia?

Dada, kutoka bandarini panda Canebière dakika chache kwa miguu, ingia kulia soko la Noailles. Utakuta mihogo, ndizi za kupika, bamia, pilipili mbuzi. Ukibahatika utapata mkahawa wenye mataba, ambayo ni kisamvu cha nazi, na yuro 25 yako itarudi na chenji. Ukimwona mama wa Kikomoro msalimie kwa Kiswahili, usione aibu. Atakujibu kwa lugha yake na mtaelewana nusu. Ila akikwambia "marahaba" usidhani umemwamkia shikamoo. Kwetu hiyo ni asante.

Mtaa wa Aubagne uko hapo hapo Noailles. Novemba 2018 nyumba ziliporomoka, zikaua watu wanane. Wakazi walikuwa wamelalamikia nyufa. Ukipita, pita taratibu.

Na wewe wa Umoja, pole, ila usiseme mji mzima kwa ajili ya skuta moja.

BintiKibosho:
Asanteni sana, nimekata tiketi ya Marseille ya saa kumi na mbili asubuhi. Maswali mawili. Soko la samaki linaisha saa ngapi? Na ni wapi karibu naweza kuingiza miguu majini? Siwezi kurudi Kibosho niseme nimeitazama bahari kwa mbali.

Ngazidja13:
Ikifika saa saba mchana wameshaosha meza, kwa hiyo anza na samaki. Ufukwe wa karibu ni Catalans, ni mdogo lakini una mchanga, unafika kwa miguu kutoka Vieux-Port. Jumamosi ikiwa na jua utagombania pa kuweka taulo. Maji yatakuuma vifundo, hii siyo Bahari ya Hindi.

BintiKibosho:
Mimi nimeogea maji ya Kilimanjaro, hayanitishi. Kasa, yule mkunga mwisho wake?

Kasa_Mzee:
Alinunuliwa. Babu mmoja mwenye kofia alimtaka yeye tu, kwa sababu alijaribu kutoroka. Alilipa, akaondoka naye kwenye mfuko, na mfuko bado unarukaruka.