Aliyeimba "Ndio Mzee" akagombea ubunge: tumpimeje Professor Jay?

Mwalimu wa Kiswahili, Iringa

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za kazi.

Ninafundisha kidato cha tatu. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye mada ya kejeli, nikaona badala ya kuwasomea mifano ile ile ya kila mwaka, niwasikilizishe "Ndio Mzee" ya Professor Jay kutoka kwenye simu yangu. Wimbo huo ni wa albamu ya "Machozi, Jasho na Damu" iliyotoka mwaka 2001, yaani kabla hata mmoja wao hajazaliwa. Walikaa kimya ubeti wa kwanza wote, lakini ilipofika mara ya pili ya kiitikio darasa zima lilikuwa linaitikia, na mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia kuna nini.

Tulipomaliza, binti mmoja anayekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu si ndiye aliyewahi kuwa mbunge?" Nikamwambia ndiye, Joseph Haule, mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020 kwa tiketi ya CHADEMA, chama cha upinzani. Akafikiri kidogo, kisha akauliza: "Sasa kumbe alikuwa anamsema nani?"

Nilimjibu kwamba tutalijadili kipindi kijacho. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Msanii aliyejipatia heshima ya nchi nzima kwa kumchora mwanasiasa anayeahidi yasiyowezekana, miaka kumi na minne baadaye alisimama mwenyewe jukwaani kuomba kura. Je, harakati zake ziliendelea kwa njia nyingine, au ziliishia hapo? Naomba mawazo ya wale waliokuwepo wimbo ulipotoka na wale waliomfuatilia akiwa bungeni.

Konda Mstaafu

Marahaba, mwalimu. Mimi nilikuwepo, tena nilikuwa mlangoni mwa daladala ya Mwenge na Kariakoo, na kanda hiyo ilipigwa kwenye gari letu mpaka utepe ukalegea, nikawa naurudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili kuipumzisha redio.

Ili umwelewe huyo binti, kumbuka kwanza hali ya wakati huo. Redio za binafsi zilikuwa bado changa, kwani Radio One yenyewe ilianza mwaka 1994, na muziki wa kufokafoka ulihesabiwa kuwa ni uhuni wa watoto wasiotaka shule. Professor Jay alikwishaanza kuvunja ukuta huo akiwa na kundi la Hard Blasters, hasa kwa "Chemsha Bongo" waliyoitengeneza na mtayarishaji P-Funk pale Bongo Records. Lakini ni "Ndio Mzee" iliyowafanya wazee waliovaa kofia za kiua, waliokuwa wakiniamuru nipunguze sauti, waanze kuniomba niiongeze. Niliona mzee mmoja amepitiliza kituo cha Magomeni kwa sababu wimbo ulikuwa haujaisha.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Watu wengi husema wimbo ule unamsema mwanasiasa mwongo, na mimi naona hiyo ni nusu tu ya maana yake. Mgombea yule anaahidi dawa za kumwaga hospitalini, anaahidi kuwapeleka wanafunzi wa sayansi mwezini wakafanye mazoezi yao, na kadiri ahadi inavyokuwa ya ajabu ndivyo anavyojiamini. Je, nani anayempa nguvu ya kuendelea? Ni kiitikio. Ni umati unaojibu "ndio mzee" kila anapomeza mate. Uchaguzi wa 2000 ulikuwa umepita muda si mrefu, na sote tuliokuwa ndani ya lile gari tulikuwa tumesimama juani kwenye mikutano ya kampeni, tukapokea fulana na kofia, tukaitikia. Mwimbaji alituweka sisi ndani ya wimbo. Ndiyo maana abiria walikuwa wanacheka, halafu katikati ya kicheko mtu ananyamaza na kutazama nje dirishani.

Kwa hiyo ukiniuliza alikuwa anamsema nani, nitakujibu kwamba alikuwa anamsema mtu anayeitikia bila kuuliza. Na mtu aliyesema hivyo hajajisaliti anapogombea, mradi amekubali na yeye kuulizwa.

Mkulima wa Miwa, Kilosa

Nashukuru kwa mada hii. Jimbo la Mikumi ndilo langu, na niseme kwa watu wa mbali kwamba Mikumi mnayoifahamu kwa kupita na basi mkitazama twiga siyo Mikumi yote. Sisi wengine tuko upande wa miwa na mpunga, na shida zetu ni barabara za ndani, maji, bei ya miwa na wanyama wanaotoka hifadhini kuingia mashambani.

Ninaweza kueleza kitu kimoja tu ambacho nilikiona kwa macho yangu. Kijijini kwetu, wakati wa kampeni za 2015, mgombea yeyote wa nafasi yoyote alipozidisha ahadi, hata akiwa anaomba udiwani, sauti ilitokea nyuma ya umati ikisema taratibu, "Ndio mzee." Watu walicheka, na mgombea akarudi kwenye mambo yanayowezekana. Mmoja alikuwa ameanza kuzungumzia kiwanja cha ndege. Aliposikia sauti ile akashuka hadi kwenye kivuko cha miti cha mfereji wetu, na kivuko hicho kweli tulikuwa tunakihitaji. Wimbo ulikuwa umefanya kazi ambayo semina nyingi za elimu ya uraia zilishindwa kuifanya.

Kuhusu kipindi chake bungeni, nitawaomba wenzangu tusimpime kwa kipimo kisichokuwa chake. Mbunge hajengi barabara kwa fedha zake. Upo mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo uliowekwa kwa sheria, lakini ni mdogo ukilinganisha na ukubwa wa jimbo, na kazi yake ya msingi ni kuhoji serikali na kupitisha bajeti. Mimi sikumpigia kura mara zote mbili, na hilo nalisema wazi, ila sikuona haya kuwakilishwa naye.

Msomaji wa Zamani

Natofautiana na ndugu zangu wote wawili, na natofautiana kwa heshima, kwa sababu mimi pia nilimpenda sana yule kijana.

Mgombea wa "Ndio Mzee" hana chama. Hiyo ndiyo akili kubwa ya wimbo ule. Mwana-CCM, yaani wa chama tawala, aliusikiliza akamwona mpinzani mropokaji, na mpinzani aliusikiliza akamwona mwana-CCM. Kila mmoja alicheka, na kila mmoja aliguswa. Siku msanii alipovaa gwanda la CHADEMA, nusu ya wasikilizaji wake waliziba masikio kabla hajafungua mdomo, na lile neno lililokuwa la wote likawa la upande mmoja. Simlaumu kwa kuchagua chama, kwa kuwa ni haki yake kikatiba. Nasema tu kwamba kulikuwa na gharama, na gharama hiyo ilitokana na kitu chenye thamani kubwa kuliko kiti cha ubunge.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Aliingia bungeni mwishoni mwa 2015, na Januari 2016 serikali ikatangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja. Katikati ya mwaka huo huo mikutano ya hadhara ya kisiasa ikazuiwa, na zuio hilo lilikuja kuondolewa Januari 2023. Fikirini: mtu ambaye sauti yake ilikuwa inasikika kwenye kila daladala kutoka Tunduma hadi Mwanza alihamia kwenye chumba ambacho wananchi hawawezi kukisikiliza moja kwa moja.

Mlinganisheni na Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, aliyewahi kuitwa Mr. II. Huyu alimtangulia katika yote mawili. "Hali Halisi" yake ya mwishoni mwa miaka ya 1990 haikuwa na kejeli hata kidogo. Aliyataja maisha ya kijana asiye na kazi kama yalivyo. Akaingia bungeni mwaka 2010 kuwakilisha Mbeya Mjini, wakati ambapo mtu aliweza kukaa kwenye kibanda cha chipsi na kumtazama akihoji. Halafu, Februari 2018, mahakama ya Mbeya ikamhukumu kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyasema dhidi ya Rais Magufuli kwenye mkutano wa hadhara, akatoka Mei mwaka huo. Mwaka uliotangulia, 2017, msanii Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake, na mwenzake aitwaye Roma akatekwa akiwa studio Dar es Salaam, akapatikana siku chache baadaye. Kwa hiyo ninapouliza kama ubunge ulimsaidia msanii kusema zaidi, nauliza nikijua kwamba nje ya Bunge nako hapakuwa salama.

Konda Mstaafu

Ndugu Msomaji, hoja yako ya chama ni nzito na sitaikwepa. Ila nikuulize: kama msanii akibaki nje miaka yote akiimba kwamba waliomo ndani ni waongo, na nafasi ya kuingia ipo, haitafika siku msikilizaji akamwambia aingie yeye basi? Mimi nilikuwa nasikia maneno hayo kwenye gari. Abiria walikuwa wanasema, "Huyu angegombea yeye." Alipogombea, tukamuuliza kwa nini amegombea.

Msomaji wa Zamani

Nakubali kwamba tulimwita wenyewe. Bado naamini angetufaa zaidi mahali ambapo hakuna spika wa kumwambia muda wake umekwisha.

Muuguzi wa Figo

Ninaandika kutoka upande ambao haujatajwa. Mwanzoni mwa 2022, baada ya kupoteza ubunge katika uchaguzi wa 2020 uliowaondoa karibu wapinzani wote, Professor Jay aliugua sana na kulazwa Muhimbili. Amekwisha kueleza mwenyewe kwamba alikaa siku 127 katika chumba cha wagonjwa mahututi, na wimbo alioutoa baada ya kupona anauita "Siku 462". Walichangia watu wa kila chama, na serikali ya Rais Samia ikabeba gharama za matibabu. Ndugu Msomaji alisema nusu ya wasikilizaji waliziba masikio. Basi naamini wakati ule waliyafungua tena.

Alipotoka alianzisha taasisi yenye jina lake inayojishughulisha na wagonjwa wa figo. Kwangu mimi hizi ndizo harakati zake zenye uzito kuliko zote, na nitaeleza kwa nini. Mgonjwa anayesafishwa damu huja kwetu mara mbili au tatu kila wiki, hukaa kwenye mashine kama saa nne, na hana siku ya kusema leo sina nauli. Kabla ya hapo, wagonjwa wetu wengi vijana walificha. Nilikuwa na kijana mmoja fundi wa pikipiki aliyekuwa anavaa shati la mikono mirefu hata Desemba ili watu wasiuone mkono wenye mshipa wa kusafishia. Baada ya msanii yule kujitokeza hadharani na kusimulia yote, kijana huyo alikuja siku moja amevaa fulana. Hakusema kitu, alipanda kitandani akanipa mkono kama kawaida.

Yule aliyeahidi dawa za kumwaga kwenye wimbo alikuwa wa kubuni. Huyu wa sasa amewahi kulala kitandani hospitalini, ameona dawa zinagharimu kiasi gani, na anachokiomba kwa ajili ya wenzake ni kitu kinachoweza kuhesabika.

Mwalimu wa Kiswahili, Iringa

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Jana niliwapa wanafunzi hoja ya Konda na hoja ya Msomaji bila kuwaambia ipi naikubali, nikawagawa makundi mawili, na kengele ya kutoka ililia wakiwa bado wanabishana. Yule binti amesema ataandika insha, lakini ameng'ang'ania kwamba anataka kuusikiliza wimbo kama ulivyosikika kwenye daladala, siyo kwenye simu. Je, kuna mwenye kanda ile?

Konda Mstaafu

Ninayo, mwalimu. Kasha limepasuka kona moja na upande wa pili unakwaruza mwanzoni, lakini "Ndio Mzee" inasikika vizuri. Tafuteni redio ya kanda hapo shuleni, mimi nitaikabidhi kwenye basi la Iringa Jumamosi asubuhi, imefungwa kwenye bahasha yenye jina la shule. Mwambie binti asiirudishe nyuma kwa kidole, atumie kalamu.