Magofu ya ngome ya Coucy, Ufaransa: ule mnara ulianguka wenyewe au uliangushwa?

mtembezi_84: Habari za jioni wakuu. Wikendi nilikuwa kaskazini mwa Ufaransa, mwenyeji wangu akanipeleka Coucy, mji mdogo juu ya kilima alafu kwenye ncha ya kilima ndo kuna ngome. Kuta na minara ya pembeni mabaki yake yapo, ila mahali pa mnara mkuu ni lundo la mawe tu, kubwa balaa. Hivi uzee ndo uliuangusha? Na huyo mfalme aliyejenga ni nani?

Babu Kumbukumbu: Mkuu hakuwa mfalme, na hapo ndo penyewe. Ulikuwa ukoo wa Coucy, aliyejenga ni Enguerrand III kuanzia miaka ya 1220, na kauli ya ukoo ilikuwa "mimi si mfalme, wala mwana mfalme, wala duke, mimi ni bwana wa Coucy". Mnara wa mfalme pale Louvre, Paris, ulikuwa mita 30 hivi, huyu bwana akapandisha wake zaidi ya mita 50!! Uzee haukuuweza. 1652 Mazarin, kadinali aliyekuwa waziri mkuu wa Ufaransa, aliagiza ngome ivunjwe, mnara ukabaki, 1692 tetemeko likaupasua, ukabaki na nyufa zake, karne ya 19 msanifu majengo Viollet-le-Duc akaufunga mikanda ya chuma. Machi 1917, vita ya kwanza ya dunia, jeshi la Ujerumani likiwa linarudi nyuma likatega tani 28 za baruti na miaka karibu 700 ikaishia hapo, kwa kweli inaniuma kila nikiikumbuka.

Mama Naju: Jamani, sasa wakati wanaondoka ulikuwa unawazuia nini?

Babu Kumbukumbu: Dada yangu hata wenyewe hawakukubaliana, Rupprecht wa Bavaria aliyekuwa kamanda wao aliomba uachwe, jenerali Ludendorff wa makao makuu ya jeshi akakataa.

sadiki_k: Naongezea, ukoo wenyewe uliisha mapema sana, Enguerrand VII alitekwa na Waturuki vitani Nicopolis (Bulgaria ya leo) 1396 akafia mateka Bursa (Uturuki) mwaka uliofuata, hakuacha mtoto wa kiume, bintiye Marie akaiuza ngome 1400. Na lile lundo baada ya vita waliliacha makusudi, lisijengwe upya, watu waone kilichofanyika.

mtembezi_84: Aisee, nimekaa juu ya yale mawe nakula mkate bila kujua. Nitarudi.

Babu Kumbukumbu: Ukirudi pitia na lango la Laon upande wa mjini, minara yake miwili bado ipo.