Mkono wa kulia, jicho la kushoto: je, nijizoeze upya kuchungulia kwenye kamera?

Binti wa Ngamiani (Tanga)

Assalaam alaykum na habari za jioni, ndugu zangu wapiga picha. Ninaomba ushauri katika jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo, ila kwangu limekuwa kero ya kila harusi. Mimi ni mtu wa mkono wa kulia kwa kila kitu: kuandika, kula, kukata mboga, hata kurusha jiwe. Lakini tangu siku ya kwanza niliposhika kamera nimekuwa nikichungulia kwa jicho la kushoto, wala sikujua kwamba ni jambo la kushangaza hadi nilipoanza kazi chini ya mpiga picha mmoja wa hapa mjini. Aliponiona aliniambia kwamba nimejifunza vibaya, kwamba mashine imeundwa kwa ajili ya jicho la kulia, na kwamba nisipojirekebisha mapema sitafika mbali.

Nimejitahidi kumtii kwa miezi miwili, na matokeo yake ni kwamba ninachelewa. Bibi harusi anafunuliwa mtandio, naleta kamera usoni, na kabla sijaona chochote nimekwisha kulifumba jicho la kushoto kwa nguvu mpaka shavu linauma. Nikitazama ndani ya kitundu naona kama pana ukungu. Nikirudi kwenye jicho langu la kushoto mambo yanakaa sawa, isipokuwa pua inalala juu ya skrini na kuiachia jasho na poda, na mara nyingine alama ya fokasi inahama yenyewe kutoka usoni mwa bibi harusi kwenda kwenye maua ya jukwaani. Kidole gumba cha kulia nacho nusura kinitoboe jicho. Kazi yangu kubwa ni sherehe za wanawake, ambako mpiga picha wa kiume haingii, kwa hiyo nikiikosa picha hakuna mwenzangu aliyeipata.

Je, niendelee kujizoeza jicho la kulia au niache? Na nina mdogo wangu ambaye ni mashoto, anataka nimfundishe: yeye nimwanzishe kwa jicho gani?

Fundi Miwani (Tanga)

Waalaykum salaam, dada. Mimi si mpiga picha. Kazi yangu ni kupima macho na kuchonga vioo vya miwani, kwa hiyo nitazungumzia jicho tu na kamera nitawaachia wenyewe.

Kila mtu ana jicho kuu, yaani lile ambalo ubongo hulifuata zaidi pale macho mawili yanapotofautiana juu ya mahali kitu kilipo. Takriban theluthi mbili ya watu jicho lao kuu ni la kulia na karibu theluthi moja ni la kushoto, ilhali mashoto ni kama mmoja katika kila watu kumi. Ukizitazama hesabu hizo utaona mwenyewe kwamba watu wa mkono wa kulia wenye jicho kuu la kushoto hawawezi kuwa wachache. Sababu yake imo katika maumbile: mkono wa kulia huongozwa na upande wa kushoto wa ubongo, lakini neva ya jicho haifuati mpango huo, kwa kuwa nusu hivi ya nyuzi zake huvuka kwenda upande wa pili na zilizosalia hubaki upande uleule, hivyo kila jicho huzungumza na pande zote mbili. Mkono na jicho si ndugu wa tumbo moja.

Jipime kabla ya kuamua lolote. Nyoosha mikono yote miwili mbele yako, viganja vikitazama nje, ukutanishe vidole gumba na vidole vya shahada mpaka libaki tundu dogo, kisha ukiwa umefumbua macho yote mawili uchungulie kitu cha mbali, tuseme mlingoti wa jahazi ukiwa Raskazone. Fumba jicho la kushoto bila kutikisa mikono. Mlingoti ukibaki ndani ya tundu, jicho lako kuu ni la kulia. Ukitoweka, ni la kushoto. Rudia mara tatu nne, kwa sababu wapo ambao majibu yao hubadilika, na hao wana hiari ya kuchagua.

Huo ukungu unaouona kwa jicho la kulia usiuhesabu kuwa ni jicho kukosa mazoezi. Kando ya kitundu cha kamera pana kigurudumu kidogo kinachorekebisha nguvu ya kioo cha ndani, kama vile miwani, na ambacho kimerekebishwa kwa jicho moja huenda kisilifae jingine. Kizungushe huku ukitazama tarakimu na alama zilizomo ndani ya kitundu, wala si watu walio mbele yako, mpaka alama hizo zisomeke bila kukaza jicho. Kama ukungu utabaki baada ya hapo, nenda kapimwe macho yote mawili, kwa sababu jicho kuu si lazima liwe ndilo lenye nguvu zaidi, na inawezekana jicho la kulia linahitaji miwani nawe hujui.

Mzee wa Negativu (Bagamoyo)

Mwanangu, huyo aliyekuambia hivyo hakukosea kabisa. Amechanganya mashine mbili. Ziko kamera ambazo kidirisha chake cha kutazamia kimewekwa pembeni kabisa, juu upande wa kushoto. Leica M3 ya mwaka 1954 ni mfano wake mashuhuri, na siku hizi zipo za kidijitali zilizofuata umbo hilo. Ukiitumia kwa jicho la kulia, pua yako inapita kando ya mashine na jicho la kushoto linaona ulimwengu wote ulio mbele. Ukiitumia kwa la kushoto, uso mzima umefunikwa. Kwa mashine ya namna hiyo ningekubali kwamba mwundaji alilifikiria jicho la kulia. Lakini kamera ya kioo ina kitundu chake katikati, juu ya lenzi, kwa sababu picha inapandishwa na kioo hadi kwenye mche, yaani kipande cha kioo kinachogeuza mwanga, ulio juu yake, na nyingi za kisasa zisizo na kioo zimerithi mahali hapo hapo. Katikati ni katikati. Hapo jicho halina upande.

Hata huo mkono wa kulia ni mazoea tu. Wajerumani wa Dresden walitengeneza kamera za Exakta tangu miaka ya 1930, na kitufe cha kupigia pamoja na wenzo wa kuvutia filamu vilikuwa upande wa kushoto. Niliwahi kuishika moja. Kwa siku mbili vidole vyangu vilitafuta kitufe mahali kisipokuwapo, siku ya tatu vikanyamaza.

Kuhusu kubadili jicho, nilibadili kwa kulazimika. Mtoto wa jicho aliniingia jicho la kulia nikahamia la kushoto, na kwa picha za watu waliokaa kitini au magofu ya Kaole sikuona tofauti baada ya wiki chache. Kwenye ngoma, ambako mchezaji haningojei, sikurudia kasi yangu hata baada ya mwaka. Nilipopasuliwa na kuwekewa lenzi mpya ndani ya jicho, nilirudi kulia siku hiyohiyo niliporuhusiwa. Kwa hiyo inawezekana kubadili, ila gharama yake ni kubwa na sioni kwa nini uilipe ukiwa mzima.

Dada wa Chumbageni (Tanga)

Binti, mimi natumia jicho la kushoto na nimepiga harusi za kutosha, kwa hiyo nitakwambia ninavyofanya.

Pua kwanza. Mtu wa jicho la kushoto pua yake huangukia nusu ya kulia ya skrini, na kamera yako bila shaka imeachwa ikipokea mguso wakati unachungulia; ndiyo maana fokasi inakimbilia maua. Ingia kwenye menyu uzime mguso huo, au kama mashine inaruhusu, uchague nusu ya kushoto pekee ndiyo ipokee. Skrini ikiwa ya kugeuka, igeuze itazame ndani, na poda itabaki usoni. Mpira wa jicho nao, yaani ule unaozunguka kitundu, usiwe ule mwembamba uliokuja na kamera. Tafuta mnene zaidi, kwa kuwa kila milimita unayorudi nyuma ni nafasi ya pua na ya kidole gumba.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nikaligundua mwenyewe katika ukumbi wenye joto la kutisha, ni la picha za wima. Karibu kila mtu hufundishwa kuinua mkono wa kulia juu ya kichwa, sehemu ya kushikia ikitazama dari. Mkao huo unamfaa mwenye jicho la kulia, kwa sababu mwili wa kamera unaenda upande wa kulia, na pua yake na jicho lake la kushoto vinabaki huru. Sisi unatuziba uso mzima. Geuza kamera kinyume chake, sehemu ya kushikia iwe chini: sasa mwili wa kamera unaenda kushoto, pua inapumua, kidole gumba kimeshuka mbali na jicho, na jicho la kulia linaona ukumbi wote. Kiwiko cha kulia kibanie ubavuni, mkono wa kushoto ubebe lenzi, na kamera itatulia kuliko ya huyo aliyening'iniza kiwiko hewani. Kwa picha za wima, mwenye bahati ni wewe.

Mdogo wako mashoto asihangaike. Mkono wa kushoto ndio unaobeba uzito wa lenzi na kuzungusha pete za kukuza na za fokasi. Wa kulia unabonyeza tu na kuzungusha kigurudumu kimoja au viwili. Kazi ya ustadi imekwisha kuwa yake. Jicho mpime kwa njia aliyoieleza Fundi Miwani, au mpe kamera ghafla bila kumwambia kitu na uangalie ataipeleka jicho gani.

Ngalawa Asubuhi (Bagamoyo)

Ninakubaliana na dada hapo juu kuhusu harusi, lakini naomba tusiseme kwamba hakuna hasara yoyote, kwa sababu ipo. Mimi pia ni wa jicho la kushoto, nami hupiga ngalawa zinaporudi kutoka kuvua, kwa lenzi ndefu. Mwenzangu wa jicho la kulia anafumbua la kushoto, na linaona kando ya kamera. Anajua chombo kingine kinaingia kabla hakijafika ndani ya picha. Mimi nikiweka kamera kwa mlalo, jicho langu la pili linatazama ngozi ya mkono wangu. Nimekosa picha nyingi kwa sababu hiyo, na wala si kwa uvivu wa mazoezi.

Dawa niliyoipata ni ya nusu. Kwanza ninakitazama chombo kwa macho yote mawili, kamera ikiwa chini ya kidevu. Kisha ninaipandisha bila kuondoa macho kwenye chombo, lenzi ikiwa imepanuliwa ionyeshe eneo pana, na nikishakiona ndani ya kitundu ndipo ninakivuta karibu. Anayeanza na lenzi iliyokwisha kuvutwa atazungusha kichwa baharini kama aliyepoteza kiatu. Jambo jingine ni la usalama: huku kwetu jua huchomoza baharini, na mwenye kamera ya kioo asiielekeze lenzi ndefu kwenye jua akiwa ameweka jicho lolote kwenye kitundu, liwe kuu au dogo, kwa kuwa mwanga unafika jichoni kama ulivyo na umekusanywa.

Binti wa Ngamiani (Tanga)

Ahsanteni sana, kaka na dada zangu, na wewe mzee wangu wa Bagamoyo. Nimejipima mara tano na mara zote mlingoti ulitoweka nilipofumba la kushoto, kwa hiyo shauri la kubadili jicho nimeliacha. Jumamosi nilikuwa na kazi Makorora, mguso nimeuzima, na picha zote za wima nimezipiga kwa kushika chini. Mara ya kwanza mkono ulipotea njia, lakini kufikia wakati wa kukata keki nilikuwa nimesahau kwamba kuna jambo jipya ninalolifanya.

Fundi Miwani, ukungu ulikuwa ni kile kigurudumu. Kamera ni ya ofisi, nami tangu mwanzo nilikuwa nimekizungusha kulifaa jicho langu la kushoto. Nilipohamia la kulia sikukigusa. Bosi naye, ambaye huvaa miwani mezani na kuivua kazini, alikuwa akilalamika kila siku kwamba kuna mtu anamharibia kamera. Sasa tumekubaliana kuweka alama mbili za rangi ya kucha kando ya kigurudumu, nyekundu ni yangu na nyeupe ni yake. Kuhusu jicho bado anasema nimejifunza vibaya.