Mungu Jua kwenye sarafu ya Constantine: muuzaji amekosea mwaka?

Mpenda Kale: Wanajukwaa, salaam. Nina sarafu ndogo ya shaba ya Constantine, kaisari wa Roma. Nyuma yake amesimama mwanamume mwenye miale kichwani, joho likining'inia begani, mkono wa kulia ameuinua na wa kushoto umeshika tufe. Chini ya miguu yake pana herufi PTR, na pembeni yameandikwa SOLI INVICTO COMITI. Aliyeniuzia anasema ni ya mwaka 315 au 316, yaani baada ya vita vya Daraja la Milvius vya mwaka 312, ambavyo husimuliwa kuwa ndivyo vilivyomgeuza Constantine kuwa Mkristo. Je, huyu ni Kristo kwa sura ya jua, au mwaka si sahihi?

Msoma Maandishi: Mwaka hauna kasoro, TR ni kiwanda cha sarafu cha mji wa Trier, na huyo si Kristo. Maneno hayo ni "kwa Jua Lisiloshindwa, mwandani", na uzito uko kwenye neno la mwisho, kwa kuwa comes ni yule unayefuatana naye safarini na vitani. Kaisari Aurelian alikuwa amemjengea mungu huyo hekalu Roma mwaka 274. Constantine alimweka kwenye sarafu kabla ya vita vya 312, na viwanda vyake vikaendelea kumpiga chapa kwa miaka kadhaa baadaye. Tazama pia tao lake la Roma la mwaka 315: Jua limo, Kristo hayumo, na maandishi yanasema alishinda kwa msukumo wa uungu, pasipo kutaja uungu upi. Kwangu mimi huyo ni mtawala asiyetaka kuwaudhi askari wake.

Mpenda Kale: Ahsante. Basi alama za Kikristo zilianza lini kwenye shaba?

Chapa Kongwe: Polepole mno. Mfano ulio wazi ni sarafu yenye maneno SPES PVBLIC (matumaini ya umma) ya Constantinople, mwaka 327: bendera yenye herufi za Kigiriki khi na ro, mbili za mwanzo za jina Kristo, zilizopandana kileleni, na mti wake umemchoma nyoka. Alama yenyewe ni ndogo kiasi cha kuhitaji lenzi. Aliyeikuza hadi ikajaza upande mzima, alfa na omega zikiwa kandoni, ni kaisari mwasi Magnentius mwaka 353. Ila hoja ya askari, ndugu Msoma Maandishi, hainitoshelezi. Mwaka 321, Jua likiwa limekwisha kuondoka kwenye sarafu za shaba, Constantine aliagiza mapumziko ya kila juma na bado akaiita siku hiyo, Jumapili yetu, siku ya Jua; amri hiyo iliwahusu mahakimu na watu wa mijini, si kambi za jeshi.